Malango Yasiyo na Bawabu

Mji wa Dubai umekatwa na hori ya maji ya chumvi, Deira upande huu na Bur Dubai upande wa pili, na kwa sababu hiyo taarikhi yake, mithili ya taarikhi ya kisiwa chetu cha Mombasa, ni taarikhi ya watu wanaotaka kuvuka. Tangu zamani walivuka kwa mashua ndogo ziitwazo abra. Na mwaka 1963 lilipofunguliwa daraja la kwanza, lile la Al Maktoum, wenye magari walilivuka kwa kutoa ushuru, kama wazee wetu walivyotoa ushuru katika daraja la kwanza la Nyali, lile lililoelea juu ya maji tangu mwaka 1931, kabla hatujapata daraja hili la sasa la mwaka 1980. Ushuru wa Al Maktoum ukaja kuondolewa, watu wakapita bure muda mrefu, wakazaliwa watoto wasiojua kuwa daraja laweza kuwa na bei. Kisha, tarehe 1 Julai 2007, ushuru ukarudi, mwanzo katika daraja la Al Garhoud na katika barabara ya Sheikh Zayed penye mtaa wa Al Barsha, lakini ukarudi bila ya kibanda, bila ya mtoza, bila ya mti wa kuziba njia, na bila ya mtu yeyote kulazimika kusimama. Mpango huo waitwa Salik, na leo malango yake yamefika kumi.

Mimi sikusafiri kwa ajili ya malango. Nilikwenda kumzuru binamu yangu, mwana wa ami yangu khasa, ambaye tumelelewa naye nyumba moja katika Mji wa Kale, na ambaye kwa miaka mingi sasa riziki yake imo katika bandari ya Jebel Ali na maskani yake ni Al Qusais, upande wa Deira. Lakini msafiri hachagui kitakachomshika moyo. Nilidhani nitarudi na habari za minara mirefu, ambayo kila mtu huizungumza, na badala yake nimerudi na fikra iliyotokana na kibandiko kimoja kidogo kilichogandishwa kwenye kioo cha gari, pamoja na mambo ya ukarimu ambayo kibandiko kile kiliyaficha, kisha kikayafichua.

Nilifika wakati binamu yangu amenunua gari la mkononi kwa mfanyakazi mwenziwe aliyekuwa akirejea kwao Kerala. Gari lilikuwa na stika ya yule bwana, lakini stika za Salik hazirithiwi: kila moja imefungwa na hesabu ya mtu na namba ya gari, na kuibandua ni kuichana, kwani imetengenezwa makusudi ife pindi inapoondolewa mahali pake. Basi jioni moja, baada ya kahawa, tukateremka sote kunakoegeshwa magari, yeye na mimi na binti yake mkubwa, ambaye anasoma chuo kikuu na ndiye mkuu wa mambo yote ya mitambo katika nyumba ile. Stika mpya ilikuwa imenunuliwa katika kituo cha mafuta kwa dirhamu 100, na nusu ya fedha hizo huwekwa kuwa salio la mwanzo la kulipia ushuru.

Kazi yenyewe ni ndogo, walakini ina adabu zake. Binti alikisafisha kioo kwa ndani kwa pamba na spiriti, juu kabisa, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, akangoja kikauke barabara, kwa kuwa gundi haipatani na unyevu wala vumbi, na vumbi la nchi ile huingia hata mahali palipofungwa. Akanieleza kuwa baadhi ya magari vioo vyake vina tabaka nyembamba ya madini ya kuzuia joto, na tabaka hiyo huzuia pia mawimbi ya redio, ndiyo sababu watengenezaji huacha eneo dogo lenye vitone karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na mtu asiyelijua eneo hilo aweza kubandika stika yake mahali ambapo haitasikia wala haitasikika. Kisha akampa baba yake, kwa kuwa ni gari lake na haki yake. Binamu yangu akasema bismillahi, akaibandika, akaipapasa kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote ikatoka. Binti akaandika katika simu namba ya gari, na jina la utawala lilikosajiliwa, na namba iliyochapwa kwenye kadi iliyokuja na stika, na shughuli ikawa imekwisha.

Nilitaka kujua kibandiko kile kinazungumzaje na lango, nacho hakina betri. Jawabu lake ni zuri, na laonyesha akili ya mwanadamu inapotaka kuondoa uzito. Juu ya barabara, kwenye ule mhimili wa chuma uliovuka njia zote, zimewekwa antena zinazotoa mawimbi. Gari linapopita chini yake, mawimbi yale yenyewe ndiyo yanayokipa nguvu kidude kilichomo ndani ya stika, nacho kikaitikia kwa kutaja namba yake, basi, hakina neno jingine la kusema. Kamera nayo hupiga picha kibao cha namba, iwe ushahidi. Fedha hupunguzwa katika hesabu, na dereva yuko mbali. Asiye na stika hupewa muda wa siku 10 za kazi ajipatie moja, na baada ya hapo hutozwa faini. Fikra hii ni kongwe kuliko watu wanavyodhani: mwaka 1959 mwanachuoni wa uchumi William Vickrey aliwashauri Wamarekani wayafungie magari ya mji wa Washington vyombo vya kielektroni, ili kila mtu alipe kwa kadiri anavyoongeza msongamano na katika saa anayouongeza, lakini hawakumsikiliza. Wanorwe ndio waliokuwa miongoni mwa wa mwanzo kuvitumia vyombo vya namna hii, mwishoni mwa miaka ya themanini, na Vickrey alikuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1996, siku chache kabla hajafariki dunia.

Fikra yake ya saa ndiyo itumikayo Dubai leo. Tangu mwisho wa Januari 2025, lango ni dirhamu 6 tangu saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na tangu saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Saa nyingine ni dirhamu 4. Na tangu saa saba usiku hadi alfajiri ya saa kumi na mbili ni bure. Jumapili, isipokuwa ikiwa sikukuu, ni dirhamu 4 mchana kutwa. Nazitaja saa hizi kwa urefu kwa sababu wenyeji wa kipato cha wastani wanazijua kama sisi watu wa pwani tunavyojua maji kupwa na kujaa, na kwa sababu mimi, niliyekuwa mgeni, sikuzijua.

Mara yangu ya kwanza kupita chini ya lango ilikuwa magharibi, katika daraja la Al Garhoud, tukienda kuwaamkia jamaa walioko Jumeirah. Mwanga wa jua ulikuwa umeyalalia maji ya hori, na ng'ambo kule minara ilikuwa imeanza kuwasha taa zake moja moja. Binamu yangu akaninyooshea kidole: "Ndilo hilo." Nikatazama juu, nikaona chuma na taa na maandishi, na kabla sijayasoma maandishi tulikuwa tumeshapita. Hapakuwa na sauti. Mwendo haukupungua. Mazungumzo yetu, yaliyokuwa juu ya ndoa ya mpwa wetu, hayakukatika hata kwa neno moja.

Hapo ndipo nilipokumbuka misafara ya wazee wetu iliyokuwa ikitoka mrima katika karne ya kumi na tisa kwenda Tabora na Ujiji, na ikifika Ugogo ililazimika kukaa. Watemi wa Kigogo walikuwa na visima katika nchi kavu, na mwenye kisima ndiye mwenye njia. Basi msafara ulituliza mizigo, wajumbe wakaenda na kurudi, nguo zikapimwa kwa mikono, shanga zikahesabiwa, nyaya za shaba zikatazamwa, mtemi akakataa, akaongezewa, na siku zikapita mpaka hongo ikubaliwe na ngoma ipigwe ya ruhusa. Kila aliyesimulia safari hizo alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, mtu aliyetoka Ugogo alijua jina la mtemi, na alijua ndani ya msafara ni nani aliyetoa nguo zake kwa ajili ya wote. Ushuru ulikuwa jambo la hadharani, na aliyewalipia wenzake alishukuriwa papo hapo.

Sitaki nifahamike kuwa naitamani taabu ya zamani. Nimekwisha kungoja sana kivuko cha Likoni katika jua la mchana, gari mbele na gari nyuma, na laiti kungekuwa na njia ya kulipa bila ya kusimama ningelikuwa wa kwanza kuipokea. Na Nairobi, tangu ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ifunguliwe kwa watu mwaka 2022, nimepanda gari la rafiki yangu mwenye chombo chake kwenye kioo, tukafika kizuizini, mti ukainuka wenyewe, na huku katika njia ya fedha taslimu foleni ilikuwa imesimama. Lakini pale mti bado uko, na gari hupunguza mwendo, na mgeni aliyeketi mbele hujua kuwa hapa pana malipo, hata mkono wake ukaenda mfukoni kwa ada. Dubai mkono hauna wa kumwendea.

Kwetu pwani, jambo hili la mkono kwenda mfukoni ni sehemu ya murua. Wawili wakifika mahali pa kulipa, kila mmoja humtangulia mwenziwe. Mwenyeji husema "wallahi hutoi", mgeni husema "niwache leo", wa tatu huapa nao, na mtoza ushuru, ambaye amekwisha kuzoea, hungoja kwa subira mpaka ajue fedha ni za nani. Aghalabu mwenyeji hushinda. Walakini mgeni amekwisha kutimiza wajibu wake, kwa kuwa ameonekana akitaka, na deni la ihsani limejulikana mbele ya watu kiasi chake.

Siku ya pili yake nilipata kuiona ada hiyo ikiwa hai bado, umbali wa dakika chache tu kutoka katika daraja. Tulikwenda Deira sokoni, tukatembea kando ya hori yalikoegeshwa majahazi, yale yanayopakia majokofu na magurudumu na magunia kwenda Uajemi na Somalia, na nikasimama muda mrefu kuyatazama, maana majahazi ya Ghuba hii ndiyo yaliyokuwa yakija na kaskazi katika bandari yetu ya kale na tende na mazulia na samaki wa chumvi, yakirudi na kusi yamejaa boriti za mikoko. Kisha tukashuka ngazi kupanda abra kwenda Bur Dubai. Nauli ni dirhamu moja kwa mtu. Nahodha, kijana wa Kibengali, aliketi katikati ya chombo akiongoza, na abiria wakampa sarafu mkononi. Nilikuwa nimeziandaa zangu mbili tangu gatini. Binamu yangu alipozinduka nahodha amekwisha kuzipokea. Alinikasirikia kwa mapenzi, akataka nahodha anirudishie, nahodha akacheka, na wazee wawili wa Kihindi walioketi mbele yetu, wasiojua neno letu hata moja, wakatabasamu kwa kuwa walielewa kila kitu. Nilivuka hori ile kwa furaha ambayo dirhamu mbili hazinunui mahali pengine.

Tulikwenda pia Abu Dhabi. Tuliondoka baada ya chai ya asubuhi, mahamri na mbaazi kama kwetu, ila mbaazi zilikuwa za mkebe na nazi ilikuwa ya unga, naye mke wa binamu yangu aliona haya juu ya hilo, bila ya sababu, kwani zilikuwa tamu. Njia ni pana na ni nyoofu, jangwa pande zote limepandwa miti ya mghafu na mitende inayonyweshwa kwa mipira, na kwa yule aliyezoea nyika ya Taru, ambayo ni kavu lakini haina aibu ya ukavu wake, nchi ile yaonekana kama inapigana na maumbile yake kila siku. Karibu na kisiwa cha Abu Dhabi utaona buruji la kale limesimama majini peke yake, pale Maqta, ambalo lilijengwa kulinda kivuko cha miguu enzi ambazo mtu aliingia kisiwani maji yakimfika magotini. Juu ya kivuko hicho sasa yamepita madaraja, na juu ya madaraja yamepita malango mengine, yaitwayo Darb, yaliyoanza kutoza Januari 2021. Hayo hayataki hata stika. Husoma namba ya gari kwa kamera, nayo hutoza saa za msongamano tu. Buruji lilikuwa na mlinzi aliyetazama uso wa kila anayevuka; leo kinachotazamwa ni kibao cha chuma, na sura ya mtu haina haja.

Wakati wa kurudi tulisimama katika kituo cha mafuta, binamu yangu akaingia msikitini, na mimi nikabaki na binti tukinywa chai ya karaki iliyotiwa hiliki. Nikamwuliza, kwa kutaka kujua tu, je, baba yake hujuaje amepita malango mangapi? Akanifungulia programu katika simu yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifungua hesabu, akanionyesha orodha. Kila lango limeandikwa kwa jina lake na saa yake: Al Garhoud, Al Safa, Al Barsha, Jebel Ali, Al Maktoum, tena Al Garhoud. Zilikuwa safari zangu. Ile ziara ya Jumeirah ilikuwamo, saa ya dirhamu 6 kwenda. Ziara ya soko la samaki ilikuwamo. Na ile siku tuliyokwenda kumtafutia mama yangu shali, tukarudi kwa kuwa nilitaka kuilinganisha na nyingine, na hiyo pia ilikuwamo, kwenda na kurudi.

"Mwezi wa kawaida si hivi, ami," akasema binti, naye hakukusudia kunilaumu, alikuwa akinieleza tu jinsi chombo kinavyofanya kazi. "Baba akienda Bur Dubai hupita daraja la Infinity, halina lango. Na kazini hutoka saa kumi na nusu za usiku, akapita yote bure, akasali alfajiri kule Jebel Ali, akalala ndani ya gari mpaka zamu ianze. Kurudi huzunguka kwa barabara ya nyuma. Na Abu Dhabi akienda asubuhi, hukaa papa hapa na chai mpaka ipite saa tatu, ndipo akavuka daraja."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeketi kando ya mtu yule njia zote hizo, naye amezipita saa za ghali na njia fupi kana kwamba ndizo njia zake za siku zote, hakuna hata mara moja aliyosema tungoje kidogo au tuzunguke huku. Mgeni hangojeshwi, na mgeni haonyeshwi hesabu. Katika mpango wa zamani, wa kibanda na mtoza, ningeliona. Ningelimshika mkono, ningeliapa, na pengine mara moja katika tano ningelishinda. Chombo hiki kilikuwa kimempa mwenyeji wangu nafasi ya kunifanyia hisani ambayo sikuweza kuipinga wala kuishukuru, kwa kuwa haikuwa na sauti. Na nilijiuliza ni wageni wangapi, katika miji yote ya dunia ambako malango yameondolewa mabawabu, wanaoendeshwa huku na huku na jamaa zao, wakarudi makwao wakisema njia za kule ni nzuri na ni za bure.

Nikamwuliza binti kama mtu mwingine aweza kuongeza salio katika hesabu isiyo yake. Akanitazama, akafahamu. Akasema yawezekana, hutaka namba ya gari tu. Nikampa noti ya dirhamu 100, tukaafikiana kuwa hatafanya hapa, kwani simu ya baba yake itapokea ujumbe mara moja, bali atafanya siku tutakayokuwa safarini kwenda Omani, ambapo baba mtu hatakuwa na mahali pa kugeuzia gari.

Njia ya kwenda Omani, ile ipitayo Hatta, ni tofauti na njia ya Abu Dhabi kama usiku na mchana. Mchanga huanza kuwa mwekundu, ukapanda matuta makubwa, kisha ghafula milima ya Hajar ikasimama mbele yako, myeusi, mikavu, haina jani wala nyasi, milima ambayo imeonyesha mifupa yake yote. Tulisimama penye bwawa la Hatta, maji ya kijani katikati ya mawe, tukala sambusa tulizofungiwa nyumbani. Na hapo, tukiwa tumekaa juu ya ukuta, simu ya binamu yangu ikalia. Akaisoma. Akaisoma tena. Akasema, "Nani aliyeniwekea dirhamu mia katika Salik?"

Binti alikuwa akitazama maji kwa makini makubwa.

"Ndugu yangu," akaniambia, na sasa alikuwa amegeuka mzima mzima, "umenifanya nini?" Nikamwambia nimefanya aliloninyima kulifanya katika malango. Tukaanza hapo. Alisema nimemvunjia heshima mbele ya mwanawe; nikasema mwanawe ndiye wakili wangu. Akasema atanirudishia; nikasema fedha zile zimekwisha kuingia, na Salik hairudishi kwa mtu wa Mombasa. Tulibishana tukipanda gari, tukabishana milimani, tukabishana foleni ya mpaka wa Al Wajajah mpaka askari wa pasi za kusafiria wa upande wa Omani akatuuliza kama kuna tatizo, na alipopewa habari, kwa Kiarabu cha binamu yangu, hakucheka kama nilivyotazamia. Alifikiri, kisha akasema kuwa mgeni ana haki, na mwenyeji ana haki, na hili lataka mzee.

Mzee tulikuwa naye mbele. Shangazi yetu anakaa Maskati, upande wa Seeb. Aliolewa Unguja akiwa kijana, akaondoka na mumewe baada ya mwaka 1964, wakahangaika nchi mbili tatu, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita walioko nje warudi, wakawa katika maelfu waliokuja kuanza upya nchi ambayo wengine wao hawakupata kuiona. Njia ya Batina ilikuwa ndefu na tulivu, mitende mkono wa kushoto na bahari nyuma ya mitende, miji imekaa chini chini na kuta nyeupe. Hatukukutana na lango lolote. Mahali pa kusimama palikuwa penye moshi wa mishkaki kando ya barabara, na vijana wa Kiomani wanaichoma na kuiita kwa jina lile lile tuliitalo sisi.

Nyumbani kwa shangazi tulipokewa kwa udi na maji ya mkono. Tukamwamkia kwa kumbusu mkono, akatuuliza habari za kila mtu mmoja mmoja, walio hai na waliokwisha kutangulia, na hakuna aliyethubutu kutaja fedha mpaka sinia ya pilau ilipoondolewa na halwa ya Kiomani ikaletwa na kahawa isiyo na sukari. Ndipo binamu yangu akashtaki. Alieleza malango, stika, saa za ghali, ujumbe wa Hatta, yote. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, nalo si jambo la dirhamu.

"Ana muda gani kwako?"

Akaambiwa.

"Basi mgeni ni siku mbili," akasema, "ya tatu wampa jembe. Huyu kashalima. Hapana kesi."

Binamu yangu hakukubali wala hakukataa. Kwa adabu aliinamisha kichwa, akaongeza kahawa katika kikombe cha shangazi, na tukaingia katika habari za mpwa wetu na ndoa yake. Lakini usiku, tulipokuwa tumetandikiwa chumba kimoja kama zamani utotoni, nilimsikia akimwuliza binti yake kwa sauti ya chini, mlangoni, ile barabara ya juu ya Nairobi kwetu, mtu akiwa Dubai, yawezekana kumwekea salio mtu aliyeko kule? Binti akasema atatafuta.